Mji wa Kindu na Asili ya Watu Wake

Ukifungua kitabu cha jiografia ya Kongo, utauona mji wetu wa Kindu umepewa mistari miwili au mitatu tu: ni mji mkuu wa Mkoa wa Maniema, uko kando ya mto Lualaba, ndipo reli ya kusini inapokoma. Kisha mwandishi anahamia Kisangani au Bukavu. Aliyoyaandika ni kweli, lakini hayajibu maswali mawili ambayo mtoto wa shule angeyauliza mara moja: kwa nini mji ulijengwa hapa na si pengine, na watu hawa wote waliomo wametoka wapi?

Maswali hayo si ya wasomi peke yao. Msibani, katika shauri la kiwanja, na zaidi kabisa siku za uchaguzi zikikaribia, twasikia watu wakisema: huyu ni mwenyeji, yule ni mtu wa kuja. Ni neno dogo, lakini limekwisha kuvunja ujirani wa miaka mingi, hata kati ya watu wanaopiga magoti kwenye benchi moja la kanisa. Basi, ndugu wasomaji, tutazame kwanza nchi yenyewe na mto, halafu tuwatazame watu, tuone neno hilo lina uzito gani hapa kwetu.

Kindu iko karibu nyuzi tatu kusini ya ikweta, na urefu wake juu ya bahari ni kama mita 500. Joto ni lile lile karibu mwaka mzima, mvua ni nyingi, na kiangazi chetu ni kifupi, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kaskazini na mashariki ni msitu mkubwa. Ukienda kusini, kuelekea Kibombo na Kasongo, msitu unapungua kidogo kidogo na nyika ya majani inaanza. Kwa hiyo mji wetu uko karibu na mpaka wa nchi mbili: nchi ya mawindo, mawese na ndizi, na nchi ya mashamba mapana ya mpunga, mahindi na karanga. Tangu kale watu wa nchi hizo mbili walihitajiana.

Mto Lualaba unatoka Katanga, unapita Kongolo, Kasongo na Kibombo, unafika kwetu, kisha unaendelea kaskazini hadi Ubundu na Kisangani, ambako wenye ramani wameanza kuuita Kongo. Livingstone, alipoufikia mto huo huko Nyangwe mwaka 1871, alidhani huenda ndio mwanzo wa mto Nili, maana aliuona unakwenda kaskazini tu. Hakujua kwamba mbele ya Kisangani unapinda na kuelekea magharibi. Sehemu kubwa ya mji wetu iko ukingo wa magharibi, yaani mkono wa kushoto wa mtu anayeshuka na maji. Huko ziko komini za Kasuku na Mikelenge. Ng'ambo, upande wa mashariki, iko komini ya tatu, Alunguli, na watu huvuka kwa mitumbwi, kwa mashua za injini na kwa kivuko. Mwenye kuishi Alunguli na kufanya kazi Kasuku huyajua maji haya kuliko mwenye kitabu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mto huu ni mkubwa, lakini haupitiki wote. Chini kidogo ya Kongolo unabanwa na miamba, mahali ambapo Wazungu walipaita Milango ya Jehanamu. Kutoka Kasongo hadi Kibombo maji yametulia, mashua zaweza kupita. Kati ya Kibombo na Kindu mawe yanarudi na maji yanakwenda mbio, hakuna chombo kikubwa kinachothubutu. Halafu kuanzia Kindu mto unapanuka na kutulia, na chombo cha mizigo chaweza kushuka kama kilometa 300 mpaka Ubundu, ambako maporomoko mengine yanauziba mto kabla ya Kisangani. Basi mtu yeyote anayetoka kusini na mzigo wake, akitaka kutumia mto, hana budi kuja kuupakia hapa. Na anayetoka kaskazini, hapa hana budi kushuka. Waziri hakupachagua mahali hapa, wala mfalme. Mawe ya mtoni ndiyo yaliyopachagua, na watu wengi wa Kindu hawajapata kuyaona mawe hayo hata siku moja.

Watu wa kwanza kutajwa ni watu wa mto wenyewe, Wagenia. Vijiji vyao vilipangwa kando ya Lualaba kwa mamia ya kilometa, na hata leo mtu wa Kisangani akisikia jina hilo atakuambia ni wavuvi wa maporomoko ya kwao. Wagenia waliishi kwa samaki na kwa mtumbwi. Samaki waliwauzia watu wa bara, nao wakapata mihogo, ndizi na mafuta ya mawese. Tena ndio waliokuwa wenye njia: bila mtumbwi wa Mgenia, mgeni hakuvuka. Livingstone mwenyewe alikaa Nyangwe miezi kadhaa akitafuta mtumbwi, na hakuupata.

Nyuma ya ukingo wa mto walikaa watu wa bara, nao wako mpaka leo katika wilaya zinazouzunguka mji: Wasongola na Wabinja katika nchi ya Kailo, Walega upande wa mashariki katika Pangi, Wakusu kusini katika Kibombo, mbali zaidi Wakumu wa Lubutu na Punia, Wazimba wa Kasongo na Wabangubangu wa Kabambare. Mtu akiyasoma majina hayo kwenye ramani ya mkoa, ataona kama kila kabila lilikaa ndani ya ua wake tangu Mungu alipoumba nchi. Sivyo. Majina yenyewe yana historia, na mfano ulio wazi ni wa Wakusu.

Wakusu wa Maniema na Watetela wa Sankuru ni ukoo mmoja, lugha zao zasikilizana, nao huhesabu nasaba moja. Lakini wale waliokaa upande wa mashariki waliingia mapema katika biashara na utawala wa watu wa pwani, wakajifunza Kiswahili, na wengi wakawa Waislamu. Jina la Wakusu likashikamana nao. Wale wa magharibi wakaitwa Watetela. Halafu Wabelgiji wakaweka mpaka wa mikoa kati yao, hawa wakatawaliwa kutoka Kivu, wale kutoka Kasai, na baada ya miaka hamsini watoto wa babu mmoja waliandikwa kwenye karatasi kama makabila mawili. Nimeueleza mfano huu kwa urefu kidogo kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba kabila ni kama damu, halibadiliki. Kalamu ya karani imebadilisha mengi.

Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani ya Zanzibar walikuwa wamekwisha kujenga Nyangwe, kusini yetu, kando ya mto. Walitafuta pembe za ndovu, na walitafuta watu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa bunduki waliingia katika soko la Nyangwe, lililojaa wanawake waliokuja kuuza vyakula, wakaanza kupiga. Wengi walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa siku hiyo kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, na barua zake zilipochapishwa Uingereza ziliwasha hasira kubwa juu ya biashara ya watumwa. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, ambaye sote twamjua kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo. Mwaka 1876 Stanley alipatana naye amsindikize kushuka na mto, na msafara wao ukapita katika misitu ya nchi hii.

Watu wa Maniema waliteseka sana wakati ule, na haifai kulipamba jambo hilo. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo na kupelekwa pwani. Lakini haifai pia kusahau kwamba vijana wengi wa huku huku walishika bunduki na kufuata mabwana hao, wakaitwa Waungwana, wakawa wao wenyewe wakuu wa vijiji na wasafiri. Wengine walikwenda mbali wasirudi. Ndiyo sababu ukifika Ujiji, Tabora, au Buyenzi mjini Bujumbura, utawakuta watu wanaoitwa Wamanyema. Na Dar es Salaam, mtaa wa Kariakoo, uko msikiti unaojulikana kwa jina la Manyema. Huko wao ndio walioitwa watu wa kuja. Anayemdharau mgeni hapa Kindu afikiri kidogo juu ya babu zake mdogo waliozikwa Ujiji.

Vita kati ya Serikali ya mfalme Leopold na mabwana wa Kiarabu vilikwisha upesi. Nyangwe ilichukuliwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Watawala walibadilika, mateso hayakwisha, maana baada ya pembe na watumwa ilikuja kazi ya kulazimishwa ya mpira na ya kubeba mizigo. Lakini mambo matatu ya zamani zile yalibaki, nayo yanaonekana Kindu kila siku: mpunga, dini ya Kiislamu, na Kiswahili. Hili la tatu ndilo lililotufaa kuliko yote. Mji wa makabila kumi ungezungumza nini? Wamisionari nao walipokuja kufundisha katekisimu katika nchi za Lualaba, walikuta lugha hii imekwisha kutangulia, wakaitumia.

Mji wenyewe, kama tuujuavyo, ni mtoto wa reli. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, ambayo wazee waliiita CFL tu. Mkubwa wake alikuwa Mbelgiji, Baron Édouard Empain. Mtu huyo kampuni yake ndiyo iliyojenga garimoshi la chini ya ardhi la Paris, lililofunguliwa mwaka 1900, naye ndiye aliyeanzisha mji wa Heliopolis karibu na Cairo, nchini Misri. Bwana wa Paris anayeshuka ngazi kwenda kulipanda garimoshi lile, na mama wa Kindu anayengoja treni ya Kongolo akiwa amekalia gunia lake la mpunga, wote wawili wanapita katika mfuko wa mtu mmoja, na hawajuani.

Kampuni ile ilikuwa na akili ya kuhesabu gharama. Haikutaka kujenga reli ndefu; ilijenga pale tu mto ulipokataa. Kutoka Stanleyville, yaani Kisangani, hadi Ponthierville, yaani Ubundu, kilometa 125, reli ilikuwa tayari mwaka 1906. Kutoka Ubundu hadi Kindu mzigo ulipanda mto. Kutoka Kindu hadi Kongolo, ili kuyakwepa mawe na ile Milango ya Jehanamu, waliweka reli ya kilometa 355, na kufika mwaka 1911 treni zilikuwa zikienda. Kutoka Kongolo mzigo ulipanda mto tena hadi Kabalo, na kutoka Kabalo reli ya kilometa 273 ilifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Treni, mashua, treni, mashua, treni. Katika kila mahali pa kubadilisha, mzigo ulishushwa kwa mabega ya watu na kupakiwa kwa mabega ya watu. Kindu ni moja ya mahali hapo, na ramani za Wabelgiji ziliuandika mji Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya mwenye fedha. Wenye mabega hawakuandikwa.

Wenye mabega hao walitoka wapi? Baadhi walikuwa watu wa karibu, Wagenia na Wasongola na Wakusu. Lakini reli huleta watu kama inavyoleta bidhaa. Walikuja Wasongye na Waluba kutoka kusini, Watetela kutoka magharibi, Wabangubangu na Walega. Wengine walikuja kwa hiari wakitafuta fedha ya kodi, wengine waliletwa kwa amri ya wakuu waliotakiwa kutoa hesabu fulani ya wanaume. Walitakiwa wa kila namna: wa kulaza chuma, wa kukata kuni, maana mashua za mvuke na magarimoshi yalikula kuni usiku na mchana, wa kuchochea moto, wa kubeba bandarini, mafundi, makarani. Mtu alikuja peke yake kwa mwaka mmoja, akamleta mke, wakazaa, akasahau kurudi.

Halafu ikaja bati. Kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilichimba madini hayo Kalima na kwingineko mashariki ya mto, na Kindu ikawa mlango wa kutokea madini na wa kuingia chumvi, nguo na mashine. Kijana mmoja wa Katako-Kombe aliyepata kazi katika kampuni hiyo wakati wa vita vya pili vya dunia, kabla ya kwenda Stanleyville, alikuwa Patrice Lumumba. Reli nayo ikazidi kufunguka: katika miaka ya 1950 reli ya CFL iliunganishwa na ile ya Katanga kupitia Kabalo na Kamina, hata mtu akaweza kupanda Kindu na kushuka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, bila kukanyaga mashua.

Wabelgiji waliwaona watu hawa wa mijini kuwa jambo gumu. Sheria yao ilimtaka kila Mkongo awe chini ya mkuu wa jadi, katika kijiji chake. Lakini mpakiaji wa bandarini aliyezaliwa Kongolo, mke wake Mlega, jirani yake Mtetela, mkuu wake ni nani? Kwa dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 wakaviweka vituo nje ya utawala wa jadi, kwa ajili ya watu kama hao. Ndiyo sité za wazazi wetu, zenye mitaa iliyonyooka, vitambulisho na vibali. Nafikiri dekreti ile, pamoja na ubaya wote wa utawala ule, ilikiri neno moja la kweli: kwamba amezaliwa mtu wa namna mpya, ambaye kijiji chake ni mji.

Kanisa nalo lilifuata mto na reli. Nchi ya Kindu ilikabidhiwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, na ile ya Kasongo kwa Mapadri Weupe. Tarehe 10 Novemba 1959, Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII alipoziweka dayosisi za Kongo, Kindu ikawa dayosisi kamili, na leo imo katika Jimbo Kuu la Bukavu. Askofu Albert Onyembo, wa shirika hilo hilo la Roho Mtakatifu, aliiongoza kuanzia mwaka 1966 hadi 1978.

Miaka ya mwanzo wa uhuru ilikuwa ya uchungu. Mwezi wa Novemba 1961 jina la Kindu lilitangazwa duniani kote, na lingalikuwa heri lisingetangazwa hivyo. Wanahewa 13 wa Italia, waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa, walishuka katika uwanja wetu na ndege mbili wakileta vyakula kwa askari wa Malaya wa Umoja huo. Askari wa Kongo waliwadhania kuwa mamluki wa Katanga, wakawakamata, wakawaua tarehe 11 Novemba. Miili ilikutwa Februari 1962 katika makaburi ya Tokolote, ikarudishwa Pisa. Huko Italia hadi leo ziko barabara zenye jina la mji wetu, na mtoto wa huko akiuliza Kindu ni nini, huambiwa habari hiyo moja tu. Twapenda ajue na nyingine, lakini hiyo hatuwezi kuifuta.

Mwaka 1964 Wasimba waliuchukua mji mwezi wa Julai. Waliowatafuta kwanza ni watu wenye kalamu: makarani, walimu, wanasiasa, na wengi waliuawa. Jeshi la Serikali pamoja na mamluki waliuchukua tena tarehe 5 Novemba, na wengine wakafa kwa kushukiwa tu. Wazee walioyaona hayo hawapendi kuyasimulia. Linalohusu habari yetu ni kwamba mji ulipoteza sehemu ya watu wake waliosoma, na wengine wakakimbilia vijijini na msituni. Tena wakati watu waliporudi, hawakuwa wote ni wale wale waliokuwapo.

Mambo ya namna hiyo yalirudi zamani za watoto wetu. Kindu, iliyokuwa tangu 1988 mji mkuu wa mkoa unaojitegemea, baada ya Kivu kugawanywa mara tatu, ikawa katika vita vya 1998 kambi kubwa ya jeshi la Rais Laurent-Désiré Kabila upande wa mashariki. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo ilianguka mikononi mwa RCD na askari wa Rwanda. Halafu Mai-Mai wakauzunguka mji. Mtu aliyekwenda shambani alishukiwa na walio ndani na walio nje, na wanawake ndio walioumia kuliko wote. Treni ilisimama. Mto ulinyamaza. Mji uliojengwa kwa ajili ya kupita watu na vitu ukawa kama chumba kilichofungwa, na chumvi ikawa mali. Wafanyabiashara walisukuma baiskeli zenye mizigo katika njia za msitu kwa siku nyingi. Mwaka 2004, baada ya amani kupatikana, treni kutoka kusini iliingia tena, na watu walitoka nyumbani kwenda kuitazama tu.

Vita hivyo vilibadilisha wakazi kuliko sheria yoyote. Watu wa vijiji vya Kailo, Pangi na Kibombo waliokimbilia mjini, wengi hawakurudi. Migodi ya bati ya kampuni kubwa ilikuwa imekwisha kufa, na wachimbaji wake wakaja kutafuta kazi ya pikipiki, ya soko na ya kufyatua matofali. Vijana wanakuja kusoma. Ukitembea leo kutoka stesheni kwenda sokoni utasikia lugha nyingi, na Kiswahili katikati yake.

Je, sisi ni wangapi? Hapa ndipo aibu ilipo. Hesabu ya watu wote katika nchi yetu ilifanywa mara ya mwisho mwaka 1984, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, na ilipata watu kama milioni 30. Leo inakadiriwa kwamba Kongo ina watu zaidi ya milioni 100, na hakuna aliyewahesabu. Kwa Kindu nimeona imeandikwa kwamba mwaka 2012 kulikuwa na watu 172,321. Msomaji autazame huo mmoja wa mwisho! Utadhani karani alipita nyumba kwa nyumba, akamkuta mtoto mmoja amejificha nyuma ya mlango, akamwongeza. Kumbe ni makadirio, hesabu ya zamani imezidishwa kwa kalamu ofisini, na kalamu hiyo haikuona waliouawa, waliokimbia, wala waliokuja.

Na pasipo hesabu, neno la mwenyeji na mtu wa kuja hupata nguvu, maana kila mmoja husema kabila lake ndilo kubwa, na hakuna wa kumpinga kwa tarakimu. Tena waliozunguka mji, wenye vijiji vya jadi, wana haki yao ya kweli juu ya ardhi, nami siwanyimi. Wamesongwa na mji unaokua, na mara nyingi shamba limeuzwa na mtu asiyekuwa mwenye shamba. Shauri hilo ni la sheria, na sheria ilitatue. Lakini Mgenia ni mwenyeji wa mto, Msongola ni mwenyeji wa msitu. Mji, yaani stesheni, bandari, soko, sité, shule na kanisa, walioujenga ni wale waliokuja, na kati yao wamo Wagenia na Wasongola waliokuja kama wengine, kutafuta kazi.

Lipo daftari moja linalohesabu kwa uaminifu, ingawa linahesabu sehemu tu ya watu, wala haliwataji ndugu zetu Waislamu na Waprotestanti. Ni daftari la ubatizo la parokia. Sheria ya Kanisa yataka liandikwe jina la mbatizwa, wazazi wake, wasimamizi, aliyebatiza, siku na mahali pa ubatizo, siku na mahali pa kuzaliwa. Kabila halitakiwi. Mtoto akiletwa, baba yake mtu wa Pangi na mama yake mtu wa Kibombo, katika sehemu ya mahali pa kuzaliwa huandikwa Kindu, na siku akitaka kufunga ndoa, hata akiwa Kinshasa au Dar es Salaam, ni kwetu atakakoandika kuomba cheti.